Kifua baada ya kutolewa ziwa: maswali ninayoulizwa Unguja na Pemba

Nimeuguza wodi ya upasuaji ya wanawake mpaka nikastaafu. Hata leo, nikikaa barazani kwangu, haipiti wiki ila ananijia mwanamke aliyetolewa ziwa kwa saratani na swali lile lile, kwa sauti ya chini, macho mlangoni. Habari ya kupona ameshamuuliza daktari. Mimi ananiuliza habari ya kifua: patabaki hivi hivi? Nimeyakusanya maswali kama wanavyoyasema wenyewe. Majibu mengine marefu na mengine mafupi, maana na mambo yenyewe ndivyo yalivyo.

Bibi nesi, ziwa likishatolewa linaweza kurudi?

Ziwa lenyewe halirudi. Kinachorudi ni umbo lake. Hilo jipya halitatoa maziwa, na ngozi yake huwa na ganzi, pengine maisha. Wapo madaktari sasa wanaounga na mishipa ya fahamu ili hisia zirudi kidogo, lakini huo bado ni ufundi mchanga.

Njia kubwa ni mbili: kuweka kifuko cha silikoni, au kuchukua nyama na mafuta ya mwili wako mwenyewe, tumboni au mgongoni, na kufinyanga umbo. Watu hudhani hili ni jambo la juzi. Mwaka 1895 daktari Vincenz Czerny wa Heidelberg, Ujerumani, alieleza jinsi alivyotoa donge la mafuta mgongoni mwa mgonjwa akalipandikiza pale alipoondoa nyama ya ziwa. Wazo ni la zamani kuliko bibi zetu.

Nilikatwa mwaka jana na hakuna aliyenitajia habari hii. Kwa nini?

Hapa nitajisema na mimi. Zamani, katika spitali niliyokuwa nikifanya kazi, mwanamke mmoja aliniuliza tukiwa tunamsukuma kwenye kitanda kuelekea chumba cha upasuaji: "Na baadaye kifua changu?" Nikamjibu, "Tulia kwanza, bi mkubwa, tuokoe roho." Nilidhani nimesema neno la busara. Alipozinduka hakuniuliza tena, wala hakumuuliza mtu mwengine. Alikuja kunieleza miaka kadhaa baadaye kwamba aliona haya, alihisi kama ameomba pambo siku ya msiba.

Sababu nyengine ziko wazi. Wengi wetu tunafika spitali uvimbe umeshakuwa mkubwa au ngozi imeshapasuka, na daktari wa upasuaji anawaza jambo moja tu, kuutoa ugonjwa. Tena kazi ya kurudisha umbo inataka bingwa wa upasuaji rekebishi, na hao ni wachache nchi nzima. Visiwani, safari ya mgonjwa huanza spitali ya Mnazi Mmoja kwa wa Unguja, au Abdulla Mzee kule Mkoani kwa wa Pemba. Mionzi wagonjwa wetu wamekuwa wakivuka kuifuata spitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Daktari anayejua kwamba huduma fulani haipo karibu huona afadhali asiitaje, asimtie mtu tamaa. Mimi naona vyengine. Mtu aambiwe hata lisilopatikana leo, kwa sababu kovu litakavyoshonwa leo ndilo litakaloamua kama mlango utakuwa wazi kesho.

Basi swali liulizwe kabla ya kisu. Muulize daktari: ngozi yangu mtabakisha kiasi gani? Chuchu inaweza kubaki? Nitapigwa mionzi baadaye? Nikitaka kurudishiwa umbo, nifanye siku hiyo hiyo au ningoje? Na kama sitaki, mtanishonea kifua kikae bapa vizuri, pasibaki nyama inayoning'inia kwapani? Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na ndilo linalowasumbua wanawake kila wanapovaa sidiria.

Na wewe uliyekwisha kukatwa, hujachelewa. Wapo wanaofanyiwa baada ya miaka 5, au 10.

Huko nje siku hizi wanafanyaje?

Ukitaka kuyaelewa ya sasa, angalia yalikotoka. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieneza upasuaji wa kutoa kila kitu: ziwa, misuli ya kifua na tezi za kwapani, mpaka mbavu zikaonekana chini ya ngozi. Mtindo huo ulishika miaka zaidi ya 70. Kisha wakaja watafiti kama Bernard Fisher huko Marekani na Umberto Veronesi huko Milan. Majaribio yao yalifuatilia wanawake miaka 20, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba mwenye uvimbe mdogo akitolewa uvimbe tu na kupigwa mionzi, anaishi sawa na aliyetolewa ziwa zima. Kwa hiyo jambo la kwanza: kisu kimepungua. Anayewahi huenda asihitaji kurudishiwa chochote, maana ziwa lake litabaki.

La pili, kwa wanaolazimika kutolewa, madaktari sasa hujitahidi kubakisha ngozi, na pengine na chuchu, kama ugonjwa hauko karibu nayo. Wanatoa vya ndani kama mtu anayetoa mto kwenye foronya, kisha foronya inajazwa upya. Mwigizaji Angelina Jolie alifanyiwa hivyo mwaka 2013 baada ya kuonekana ana kasoro ya kurithi inayozidisha hatari ya saratani ya ziwa, akaandika gazetini, na tangu hapo wanawake wengi duniani wamepata ujasiri wa kuuliza.

La tatu ni mahali pa kuweka kifuko. Zamani kilisukumwa chini ya msuli wa kifua, mtu akinyanyua mkono ziwa linaruka. Sasa wengi hukiweka juu ya msuli, na maumivu yamepungua. Kwa nyama ya mwili, zamani walihamisha msuli mzima wa tumbo. Mwaka 1989 Wajapani Koshima na Soeda walionyesha kwamba inawezekana kuchukua ngozi na mafuta ya tumbo, msuli ukaachwa mahali pake, na miaka ya 1990 Robert Allen wa Marekani akautumia ufundi huo kurudisha umbo la ziwa. Wanaunga vijishipa vya damu vya milimita mbili tatu, chini ya darubini, kwa nyuzi ambazo jicho tupu huziona kwa shida. Ni kazi ya saa nyingi mezani, na usiku wote nesi anaangalia rangi na joto la ile nyama kila saa, maana mshipa ukiziba kuna saa chache tu za kuokoa.

Pia wanavuta mafuta mapajani au tumboni kwa mrija na kuyadunga kifuani kidogo kidogo, kusawazisha mabonde. Sehemu ya mafuta hayo mwili huyanyonya, kwa hiyo mara nyingi hurudiwa.

Na la mwisho, ambalo mimi limenifurahisha: kuna wanawake wengi zaidi wanaosema hapana. Wanataka kifua bapa, kimeshonwa kwa unadhifu, basi. Zamani huko Marekani na Ulaya aliyekataa alionekana hajielewi. Mwaka 2020 taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani ikaingiza ushonaji wa kifua bapa katika msamiati wake rasmi, kama kazi yenye ufundi wake.

Silikoni si ndiyo inaleta kansa?

Kansa ya ziwa, hapana. Lakini maneno hayo hayakuzuka hivi hivi. Vifuko vya silikoni vilianza kutumika Houston, Texas, mwaka 1962. Mwaka 1992 mamlaka ya dawa ya Marekani ikavizuia kwa jumla, ikavibakisha kwa wagonjwa kama waliotolewa ziwa, chini ya uangalizi wa utafiti. Mwaka 2006 ikaviruhusu tena. Halafu ikagundulika kansa moja adimu ya chembe za kinga ya mwili, inayoota kwenye ganda la kovu linalokizunguka kifuko, hasa vile vyenye uso wa kukwaruza. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vifuko vyake vya Biocell. Dalili kubwa ya kansa hiyo ni ziwa kuvimba ghafla miaka mingi baada ya upasuaji. Ukiambiwa utawekewa kifuko, uliza: uso wake laini au wa kukwaruza? Na ile kadi yenye namba yake usiitupe, iweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.

Jengine ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: kifuko si cha maisha. Kinaweza kupasuka, au ganda la kovu likakibana mpaka kikawa kigumu kama embe bichi. Anayewekewa ana miaka 35 ajue huenda akarudi mezani mara moja au zaidi.

Mara nyingi pia huanza na kifuko cha kutanulia ngozi, ambacho hujazwa maji ya chumvi kwa sindano kila baada ya wiki moja au mbili, miezi kadhaa, kabla ya kuwekewa chenyewe. Kwa mtu wa Micheweni ihesabuni hiyo kwa nauli za boti.

Wakichukua nyama mgongoni au tumboni, nitaweza kufanya kazi zangu?

Swali hili huulizwa na wanawake wa Paje na Jambiani, wanaolima mwani, na huwa nalipenda kwa sababu ni swali la mtu anayejua mwili wake unamlisha.

Msuli mpana wa mgongoni, unaotumika sana pale pasipo na darubini ya upasuaji, ndio unaovuta mkono kurudi chini na nyuma. Ndio wa kupiga kafi, wa kukwea mkarafuu na kuvuta tawi, wa kujiinua kwa mikono. Ukihamishwa, kazi za nyumbani utafanya, lakini hizo za kuvuta utachoka upesi. Msuli wa tumbo ukichukuliwa, kuinuka kitandani na kubeba ndoo hubadilika, na wengine hutokwa na ngiri. Njia ya kuacha msuli mahali pake ndiyo inayoumiza kidogo, ila ndiyo inayotaka darubini na timu kubwa. Kwa hiyo mwambie daktari kazi yako kwa undani. Usiseme "mkulima" ukanyamaza. Sema unabeba mwani mbichi kichwani kutoka majini, mara ngapi kwa siku.

Na kama tezi za kwapani zilitolewa, mkono huo unaweza kuvimba, umerudishiwa umbo au hukurudishiwa. Mchubuko mdogo ukiingia uchafu unatosha kuuanzisha. Vaa glavu majini.

Nimepigwa mionzi. Bado inawezekana?

Inawezekana, lakini mambo yanabadilika. Mionzi huikaza ngozi na kupunguza damu inayopita humo. Kifuko kikiwekwa chini ya ngozi ya namna hiyo mara nyingi huleta taabu: kidonda kutofunga, kugandamana, kuondolewa. Hapo nyama ya mwili wako ndiyo inayofaa zaidi, kwa sababu inakuja na damu yake. Kwa kawaida hungojwa miezi 6 hadi mwaka baada ya mionzi. Na kwa kuwa wengi wetu tunafika tumechelewa na mionzi inakuwa lazima, kwa visiwani ushauri wa kungoja ndio utakaousikia zaidi. Usiuchukulie kama umenyimwa.

Dini inasemaje? Si kubadili maumbile aliyoumba Mwenyezi Mungu?

Mimi si shehe, nakueleza nililolisikia kwa wanaojua. Wanazuoni hutenganisha kati ya kubadili maumbile kwa ajili ya kujipamba na kurudisha kilichoharibiwa na ugonjwa au ajali. Hutaja kisa cha sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani, akaweka pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, na Mtume (SAW) akamwambia aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa mwanamume kwa kawaida ni haramu. Na mwezi Julai 2007, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Putrajaya, Malaysia, lilitoa azimio juu ya upasuaji wa kurekebisha maumbile. Katika mambo yaliyoruhusiwa, kutengeneza upya ziwa lililoondolewa limetajwa kwa jina lake.

Yako mawili ya kuangalia. Baadhi ya vitambaa vya kushikilia kifuko hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, vyengine ya ng'ombe au ya binadamu. Uliza mapema, daktari hawezi kukisia moyo wako. Na chuchu: wengine huichora kwa wino wa kudumu, na chale za wino watu wetu wengi wanazikataa. Ipo chuchu ya silikoni ya kubandika na kubandua, na ipo ya kufinyangwa kwa ngozi yako mwenyewe. Msichana mmoja aliniambia atajichora kwa hina. Nikamwambia hina ya majani sawa, kovu likishapoa, lakini piko usisogeze hapo. Piko linababua hata ngozi nzima, sembuse ngozi isiyohisi.

Mume wangu hasemi kitu, lakini mawifi wameanza kunong'ona kwamba ataoa mwengine.

Sitakudanganya kwamba haitokei. Nimewaona walioachwa. Nimewaona pia waume waliojifunza kufunga bandeji vizuri kuliko wanafunzi wangu wa uuguzi. Kitu kimoja nimekiona mara nyingi mno: mwanamke anayefanyiwa upasuaji ili kumzuia mume asioe hujuta, na anayejifanyia mwenyewe hajuti sana, hata matokeo yasipokuwa kama alivyotarajia. Karatasi ya ridhaa unatia saini wewe. Mwite mume siku ya kuonana na daktari, asikie kwa masikio yake, aulize naye. Wengi kimya chao ni woga, wanadhani wakigusa kovu wataumiza.

Mawifi waache wanong'one.

Mimi sitaki kisu tena. Lakini kwenye harusi nikivua baibui, dera linanisuta.

Hapa ndipo walipo wengi wetu, na hakuna aibu yoyote. Baibui husitiri barabarani, ila kwetu sherehe za wanawake ni ndani, baibui huvuliwa, na dera jepesi halifichi siri.

Ziko sidiria zenye mfuko na maziwa ya silikoni ya kuvaa. Yanapendeza ila yana bei, na joto letu la Februari hutoa jasho chini yake, kwa hiyo yavaliwe juu ya kitambaa cha pamba, yaoshwe kila siku. Kama hufikii hayo, shona. Wiki sita za mwanzo, kovu likiwa bichi, tia sufi tu kwenye mfuko wa kanga iliyochakaa, kitu chepesi. Kovu likishakomaa unahitaji uzito, maana upande mmoja ukiwa mzito peke yake bega linashuka na mgongo unauma. Tia uwele au choroko kavu. Uzito utaujuaje? Jaza bakuli maji mpaka ukingoni, liweke ndani ya sinia, uinamishe ziwa lililobaki mpaka lizame. Maji yaliyomwagikia kwenye sinia yapime: mililita mia nne ni takriban gramu mia nne. Watu hucheka nikiwaambia, halafu wanakwenda kujaribu usiku. Acha tundu lenye vifungo ili utoe nafaka unapofua, na ubadilishe kabla haijaingia fukusi.

Mama anataka anikande maji moto kama mzazi.

Mshukuru, umzuie. Ngozi hiyo haihisi. Maji yanayokuchoma mkononi, pale kifuani utayaona ya kawaida mpaka malengelenge yatokee. Hivyo hivyo chupa ya maji moto, na chetezo cha udi unapojifukiza nguo ukiwa umezivaa. Mama akitaka kusaidia, kovu likishafunga akusugulie taratibu kwa mafuta ya nazi, hasa ukiwa na ngozi ya kuota makovu manene.

Nina miaka 61 na sukari. Nimeshapitwa?

Umri peke yake haukuzuii. Sukari isiyotulia, presha, uzito mkubwa na sigara ndivyo vinavyochelewesha kidonda. Itulize sukari kwanza, miezi, si siku.

Kansa ikirudi, itajificha nyuma ya ziwa jipya?

Kurudishiwa umbo hakuiiti kansa wala hakuwazuii madaktari kuiona. Endelea na kliniki zako, na ujipapase kovu na kwapa kila mwezi. Kipele kigumu kipya kionyeshe.

Nani atalipa?

Marekani walitunga sheria mwaka 1998: bima inayolipia kutoa ziwa ilipie na kulirudisha. Sisi tuulize kimoja kimoja. Mwenye kadi ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar aende na barua ya daktari iliyoandikwa wazi kwamba hii ni sehemu ya matibabu ya saratani. Neno "urembo" likiingia kwenye karatasi hiyo, kazi imeharibika. Jibu nalo ulitake kwa maandishi.

Nikifanyiwa Dar, narudi vipi na mirija kifuani?

Kama unaweza, kaa kwa jamaa mpaka itolewe. Ukilazimika kuvuka nayo, chupa ya maji machafu ifungwe kwa pini ndani ya nguo, chini ya usawa wa kidonda. Ipime asubuhi na jioni, uandike kiasi na rangi. Kwenye boti kaa chini, katikati, panapoyumba kidogo, na mto mdogo kwapani. Ngazi ya kushukia bandarini Malindi, Unguja, shikilia kwa mkono wa upande mzima. Begi abebe mwengine.